Bei ya Waridi na Kimya cha Baba

Msimu wa waridi, bonde zima la Dadès, huko Moroko, hunukia hata usingizini. Alfajiri ile Itto aliamka akidhani bado anaota, akawafuata rafiki yake Izza na mama Izza kwenye shamba la waridi. Walichuma polepole, vidole vimelowa umande. Lakini hapakuwa na kuzembea: jua likipanda, mawaridi hunyauka, na hakuna anayeyataka tena.

"Mwaka huu nikiuza vizuri, Izza ataenda shule ya bweni," mama Izza alisema.

Alasiri Itto alifuatana na baba yake, Bassou, nyumbani kwa Haji Moha. Wageni wote, Bassou akiwemo, walikuwa wanunuzi wa mawaridi, wenye mitambo ya marashi. Haji alimimina chai ya mnanaa.

"Jamani, ya nini kugombania mawaridi? Kesho sote tutaje bei moja, ya chini. Hao akina mama watayapeleka wapi?"

Watu wakacheka. Bassou aliinamia bilauri yake, akanywa.

Njiani Itto alishindwa kuvumilia. "Baba, umekubali?"

"Nimesema neno, mimi? Ila kuondoka kabla ya bilauri ya tatu ya chai ni kumvunjia mtu heshima."

Nyumbani, shangazi Tuda, mwanasheria, aliposikia hayo aliacha kukanda unga. "Kaka, umejitia kitanzi. Sheria ya ushindani inakataza wafanyabiashara kupanga bei pamoja. Ukikaa kikaoni ukanyamaza, unahesabiwa mmoja wao. Rudi ukatae mbele yao, kisha tutoe taarifa kwa wanaosimamia sheria hiyo."

"Wakinitenga je?"

"Na mama Izza, nani atamtetea?"

Bassou alifunga kilemba upya, akarudi. Itto alimfuata. Wageni walikuwa bado wameketi.

"Haji, mimi simo. Nitanunua kwa bei yangu."

"Bassou, unaniaibisha nyumbani kwangu?"

"Niwie radhi, Haji. Simo." Akatoka bila kuketi. Itto akampenda zaidi.

Asubuhi sokoni Bassou alitaja bei nzuri. Mnunuzi mwingine, kwa hofu ya kukosa mawaridi, akataja ya juu zaidi. Mama Izza alisimama katikati yao na furushi lake la mawaridi, akiwatazama kama mtu aliyesahau kuwa anaweza kuchagua.

Shangazi Tuda alimshika Itto bega. "Mfanyabiashara ashindane kwa kazi yake, asile njama. Na ukisikia njama ikipangwa, mwanangu, kunyamaza si adabu. Kataa, usikike, uondoke."