Mlango wa Kituo cha Mlimani

Transfoma kubwa ya kituo cha mlimani ilikuwa inachemka, na fundi aliyetumwa kuikagua alikuwa mchumba wa Bibi Kioo.

Walimwita hivyo kwa sababu alishinda mbele ya vioo vya kompyuta, akiangalia afya ya gridi nzima ya umeme. Mchana ule joto la mafuta ya transfoma lilipanda, kengele ikalia. Akampigia mchumba.

"Umefika kituoni?"

"Nipo hapa, mpenzi. Nimeweka mkono kwenye tangi. Baridi kama maji ya mtungi."

"Huku joto linapanda."

"Kipimo hicho kinadanganya. Zima kengele, tutakibadilisha baada ya harusi."

Akaizima. Mwenye kupenda chongo huita kengeza.

Mkuu wa zamu, mzee asiyependa kimya, akageuka.

"Binti, kengele imeenda wapi?"

"Nimezima. Fundi yupo kituoni, ameligusa tangi."

"Fundi yupi? Shemeji yetu?"

"Ndiyo."

"Mapenzi hayana kipimo, mwanangu. Mlango unacho. Uangalie."

Mlango wa kituo ukifunguliwa, taa ndogo huwaka kwenye kioo. Bibi Kioo akatazama kumbukumbu. Mlango wa mlimani haukuwa umefunguliwa tangu wiki iliyopita. Akapiga tena.

"Bado upo kituoni?"

"Nipo, mama. Nakaza nati."

"Fungua mlango, halafu ufunge."

"Wa nini tena?"

"Ufungue tu. Nataka kuona taa."

Ikasikika sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu:

"Nani huyo anayekusumbua?"

"Mtu wa kazini," fundi akamjibu.

Bibi Kioo akakata simu.

"Mzee, mlimani hakuna mtu. Naizima transfoma."

"Zima."

Alibonyeza, lakini moto ulikuwa umeshatangulia. Meseji ikaingia: "Mpenzi nisikilize, si unavyofikiri."

Akajibu: "Mimi ni mtu wa kazini. Ongea na mkuu wa zamu."

Wakubwa walipouliza nani alizima kengele, alisema ni yeye, bila kumtaja mtu.

Transfoma iliungua. Nusu ya mji ilikaa gizani. Kumbukumbu za mlango zilimuumbua fundi, akafukuzwa kazi; Bibi Kioo akaondolewa kwenye vioo, akapelekwa stoo kuhesabu nyaya. Gauni la harusi limebaki kwa mshonaji, limekatwa, halijashonwa. Cherehani yake ni ya umeme.