Macho Mia ya Zabron

"Kitendawili!"

"Tega, bibi!"

"Ana macho mia, lakini hamwoni aliye mbele yake."

Wajukuu wangu wakapiga kelele pamoja: "Chekeche!"

Walipata. Wakati ule hata mimi sikujua jibu lingine.

Sisi tunakaa Ubaruku. Kwetu ni mpunga tu. Mpunga ukianza kukomaa, ndege wanakuja kwa maelfu. Mkwe wangu Tumpe, mke wa mwanangu, alikuwa anashinda kwenye jaruba letu la mpunga kuwafukuza. Na mwanangu Zabron alikuwa anashinda akimchunga Tumpe.

Ni mwanangu wa kumzaa, lakini nitasema kweli. Alikuwa na wivu. Tumpe akichelewa, anauliza. Akiwahi, anauliza. Akinunua sabuni, anauliza inanukia kwa ajili ya nani. Na mtu aliyemchoma moyo kuliko wote ni Makoye, mfugaji aliyekuwa anatulimia kwa ng'ombe wake.

"Jana ulicheka naye," Zabron alisema.

"Baba Yusta, ana ng'ombe anaitwa Mwenyekiti. Halimi mpaka abembelezwe. Nisicheke?"

"Lakini meno yote yalionekana!"

Jumanne moja, saa tisa alasiri, Tumpe alirudi na tope mpaka kifuani. Hakusalimia.

Kwetu mtu akitoka jarubani na tope, haulizwi neno. Anawekewa maji ya kuoga, na nguo zinalowekwa palepale. Nikamfungulia kitenge, nikakitia kwenye beseni. Nikamwambia avue na blauzi. Hapo akaishikilia blauzi kifuani.

"Mama, nimebakwa."

Mkono wangu ukabaki ndani ya maji.

Nilimwita jirani yetu Leokadia, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliliona beseni kabla hajakaa.

"Mama Zabron, acha kufua! Tumpe, pole sana, mdogo wangu. Kosa si lako. Usioge kwanza. Mwili wako na nguo zako vina ushahidi."

Kitenge kilikuwa kimeshaloa. Blauzi ilikuwa haijaguswa na maji. Leokadia aliiweka kwenye mfuko wa karatasi. Tumpe akavaa gauni langu.

"Twende sasa hivi," Leokadia alisema. "Kuna dawa za kuzuia UKIMWI. Lazima zianze kabla ya saa sabini na mbili kupita, na ukiwahi ni vizuri zaidi. Ipo na dawa ya kuzuia mimba."

Zabron akaingia. Alipoambiwa, hakumpa mkewe pole.

"Ni Makoye! Si nilisema?"

Tumpe alitikisa kichwa.

"Polisi utamtaja Makoye," Zabron alisema. "Ukitaja mwingine, nitajua unamficha. Na hapa kwangu usirudi."

Tulikwenda Rujewa kwa bodaboda. Pale kwenye kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Alitupokea Afande Rozalia.

"Mimi ndiye mume," Zabron alisema. "Nitaeleza mimi."

"Pole, baba. Yaliyompata yeye atayaeleza yeye. Wewe subiri hapa nje."

Tumpe aliomba niingie naye. Mlango ulipofungwa, alilia, kisha akasema.

"Ni Clement."

Clement ndiye aliyekuwa anatugawia maji ya mfereji. Akikukasirikia, jaruba lako linakauka.

"Aliniambia, 'Nenda kaseme. Mumeo mwenyewe hakuamini. Nani mwingine atakuamini?'"

Niliinamisha kichwa. Clement alikuwa ameyasikia maneno ya nyumbani kwangu.

Afande aliandika kila kitu, kisha akatoka nje.

"Baba, nasikia unasema ni Makoye. Ulimwona?"

"Namjua yule."

"Ulimwona?"

Zabron alitazama viatu vyake. "Hapana."

"Kosa la kubaka lina kifungo cha miaka thelathini, hata maisha. Na ukiwapa polisi taarifa unayojua ni ya uongo, unashtakiwa wewe. Makoye angekaa mahabusu, na aliyefanya angekuwa huko anagawa maji."

"Sasa huyu mke wangu mnamwamini vipi?"

Aibu ilinishika. Bado tu!

"Tunamsikiliza, halafu tunachunguza," Afande alisema. "Hatumwiti mwongo kwa sababu hana jeraha, au kwa sababu amechelewa kusema. Wala hatumfungi mtu kwa sababu ametajwa. Daktari atapima. Mashahidi watahojiwa. Mtuhumiwa naye atajieleza. Mwamuzi ni mahakama."

"Na mahakama ikimwachia?"

"Itakuwa ushahidi haukutosha. Haina maana kwamba mkeo amedanganya. Hata uongo lazima uthibitishwe."

Tulipewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, Tumpe akapimwa na kutibiwa hospitali siku ileile. Clement alikamatwa.

Baadaye ndugu zake walikuja na mbuzi. Walitaka tuyamalize nyumbani. Leokadia aliwajibu kabla yangu: "Kesi hii si ya nyumbani. Rudini na mbuzi wenu."

Kesi ilichukua miezi saba. Tumpe alitoa ushahidi faragha. Sisi tulisubiri nje kwenye benchi. Mara Zabron akashtuka.

"Makoye anafuata nini hapa?"

"Ameitwa," nilimwambia. "Ni shahidi wa mkeo."

Siku ya hukumu ndipo tulipoelewa yote. Clement alikuwa amedai kwamba siku ile aliumwa, hakutoka kwake. Lakini Makoye alikuwa ananywesha ng'ombe mferejini. Alimwona Clement anatoka kwenye jaruba letu, mbio, na tope mwilini. Hakimu alisema maneno ya Tumpe hayakuyumba. Daktari na Makoye waliyatia nguvu. Clement alifungwa miaka thelathini.

Zabron alirudi kukaa kwenye lile benchi.

"Mama," alisema, "nilitaka kumfunga shahidi."

Jioni ile watoto walinizunguka.

"Ana macho mia, lakini hamwoni aliye mbele yake," nikasema.

"Chekeche! Bibi, hicho tunakijua!"

"Lipo jibu lingine," Zabron alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni baba yenu. Tumpe, nisamehe."

Tumpe aliendelea kupeta mchele. Aliupeta mpaka ukaisha.

"Kesho Makoye anakuja kulima," alisema. "Na Mwenyekiti wake. Mimi nitacheka."

"Cheka," Zabron alisema. "Meno yote."