Mikono ya Gauni la Nesi

Kila jioni baada ya shule, Kidoti alipitia kwa fundi cherehani kumfagilia kibanda. Hakulipwa. Walikubaliana kwamba mabaki ya vitambaa yaliyoanguka sakafuni ni yake, naye aliyashona kuwa mifuko ya kalamu.

Jioni moja, fagio lake lilivuta kitu kutoka chini ya meza ya kukatia: vipande viwili vikubwa vya zambarau, vimebanwa pamoja kwa pini. Alimtupia fundi jicho. Fundi alikuwa ameinamia cherehani. Haraka haraka Kidoti akavisokomeza chini kabisa ya mfuko wake. Njia nzima moyo ulimdunda. Kama ni vyangu, mbona nimevificha? alijiuliza.

Kesho yake alimkuta nesi mmoja, mteja wa fundi, mlangoni mwa kibanda, ameshika kiuno. Aliwaamkia, hakuna aliyeitikia.

"Fundi, nilikuletea kitambaa cha kutosha na kubaki," nesi alisema. "Leo gauni halina mikono. Imeota mabawa?"

"Niliikata mwenyewe, dada. Nimeitafuta mpaka nimechoka."

"Umempelekea mkeo. Nyinyi mafundi nawajua."

"Sasa mke wangu avae mikono bila gauni?"

Nesi hakucheka. "Nitawaambia wenzangu wote wodini. Tuone nani atakuletea kitambaa tena."

Fundi akainama kutazama chini ya meza ya kukatia. Kisha macho yake yakamgeukia Kidoti, taratibu.

"Mwanangu, jana ulipofagia, uliona kitu cha zambarau?"

"Viko nyumbani," Kidoti alisema. "Nimevichora chaki tu, sijakata."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utasema si vyangu."

Alikimbia kuvileta. Nesi alivigeuza huku na huku, akavipima mkononi mwake, akavitazama tena kwenye mwanga. Alipokosa kasoro, sauti ilishuka. "Nisamehe, fundi. Nimekudhania vibaya."

"Keti, dada. Nitaishona sasa hivi."

Kisha fundi akamwambia Kidoti, "Ukijiona unaficha kitu, ujue moyo wako umeshakuambia si chako. Siku nyingine uliza. Nikikukatalia, utakosa kitambaa tu. Ukinyamaza, mimi naitwa mwizi mbele ya wateja wangu."

"Nisamehe, fundi."

"Yameisha. Shika fagio."

Kidoti alifagia polepole. Mara akainua kipande kidogo kama kiganja. "Fundi, na hiki?"

"Hicho chako. Ila usianze kuniuliza uzi mmoja mmoja, tutalala hapa."

Safari hii hata nesi alicheka.