Mshiriki Namba Tisa

Wiki ya kuwasilisha tasnifu, duka la fotokopi lililo mkabala na geti la chuo huwa halipitiki. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wamebanana hadi kwenye ngazi, mashine tatu zinanguruma kwa pamoja, na joto la karatasi linamchoma mtu usoni. Binti mmoja mnene, gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, alijipenyeza hadi mbele akaweka fomu kwenye kaunta.

"Nakala mia mbili, kaka. Nina haraka."

Fundi wa duka, kijana mrefu mwenye gundi vidoleni, aliitupia jicho fomu. "Dada, hili swali la 'jana nani alikula wa mwisho' ni la mtihani au la polisi?"

"La utafiti wa anthropolojia. Na kazi yako ni kutoa nakala, si kusoma."

"Huwa sisomi. Ningesoma kila kinachopita hapa, ningekuwa profesa."

"Haya, kwenu nani anakula wa mwisho?"

"Mama. Si ndiye mama?" Akacheka.

Ilitakiwa binti akasirike palepale, aondoke, na habari iishie hapo. Kwa miaka miwili alikuwa akizunguka majumbani mwa watu akiuliza nani anapakuliwa nini, nani anakula kilichobaki, na mwili wa mwanamke unalipia vipi. Jibu hilo alikuwa amelisikia mpaka masikio yanauma. Lakini kijana alikuwa na kicheko kizuri, na mtafiti naye ni mtu. Alitoka na fomu mia mbili na namba ya simu.

Basi zikaanza simu.

"Profesa wangu, nimekukosa."

"Tumeonana asubuhi, fundi."

"Asubuhi ipi? Ile ya mwaka jana?"

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, fundi alimpeleka kwao. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwembamba, gauni la maua limemlegea mabegani, na mtafiti akamtambua mara moja. Alikuwa Mshiriki Namba Tisa wa utafiti wake. Walikuwa wamekaa pamoja michana sita, mwaka uliopita, katika chumba cha kufulia cha hospitali, mama huyo akipiga pasi mashuka na kusimulia. Alikubali kuandikwa kwa sharti moja tu: nyumbani kwake asijue mtu.

"Karibu, mwanangu," alisema mama, akimbana mkono kwa nguvu. "Nimefurahi kukufahamu."

"Nami pia, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mezani mama akapakua kuku. Paja kwa mwanawe, kidari kwa mgeni, shingo kwake mwenyewe.

"Mama na shingo hao," alisema fundi kwa furaha.

"Shingo na mimi tumezaliwa pamoja," alijibu mama, kama alivyojibu siku zote.

"Unamwona? Hanenepi, hazeeki. Msichana kabisa."

Mtafiti alijua kuwa msichana huyo alikwisha kuanguka mara mbili mbele ya meza ya pasi kwa upungufu wa damu. Alijua kwamba karatasi ya daktari ilifichwa chini ya godoro. Alitamani kuchukua bakuli la mchuzi ammwagie mpenzi wake kichwani. Badala yake alikula kidari.

Tasnifu ilipokamilika, fundi alishikilia kuijalidi mwenyewe. "Kitabu cha mchumba wangu kiende duka la watu? Nitachekwa." Kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo hayo asingeweza kuyatoa. Alijipa moyo. Alikuwa amembadilisha Namba Tisa kila kitu: kazi yake sasa ni kuuza matunda, umri mwingine, watoto watatu badala ya mmoja. Maneno yake tu ndiyo hakuyagusa, kwa sababu katika kazi yake maneno ya mtu hayachezewi.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ikalia.

"Nilisema huwa sisomi," alisema fundi. Sauti haikuwa na utani hata chembe. "Hiki nimesoma kwa sababu ni chako. Ukurasa wa mia na kumi na mbili. 'Nasema shingo na mimi tumezaliwa pamoja, ili mwanangu achukue paja bila kuona haya.' Huyu ni nani?"

"Siwezi kukuambia."

"Ni mama yangu."

"Siwezi kukuambia, mpenzi."

"Kwa hiyo ulinifuata dukani kwa ajili ya hiki. Umekaa mezani kwetu, umekula chakula chetu, ukatuandika kama wanyama wa mbugani."

Sentensi moja tu ingemwokoa: nilimjua mama yako kabla sijakujua wewe. Lakini sentensi hiyohiyo ingemtoa mama hadharani. Akaimeza.

"Nitakuja kuchukua kitabu."

"Nimekiweka nje ya mlango," akakata simu.

Mtafiti alilia kwa hasira. Kwanza alijikasirikia mwenyewe, maana aliificha sura ya mtu akaiacha sauti yake ikining'inia wazi. Kisha akamkasirikia yule mwanamume. Ukurasa mzima mama anasema ana njaa, na yeye ameona aibu yake tu!

Mchana alikwenda kwenye chumba cha kufulia. Hakujitetea.

"Mama, nimekukosea. Amesoma, na amekutambua kwa maneno yako."

Mama aliendelea kupiga pasi. "Amesoma ukurasa wote?"

"Wote."

"Akasema nini juu yangu?"

Mtafiti aliinamisha kichwa. "Alisema juu yangu, mama. Na juu yake mwenyewe."

Pasi ikasimama. Mama alitazama ukutani kama vile kuna mtu pale. "Basi hajasoma," alisema. "Niachie mimi. Leo nitamsomea."

Siku ya tatu fundi alitokea ofisini kwa mtafiti, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Mama ameniambia yote. Damu, kuanguka, yote. Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Aliniomba nisiseme. Mimi nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Wewe unaishi naye, una sababu gani ya kutojua?"

Fundi akajikalia kwenye kiti cha wageni. "Nisamehe. Nilikutukana bure. Nakupenda, na nataka tuoane."

Mtafiti naye alimpenda, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi. "Uniweke kwenye meza ileile, nizaliwe pamoja na shingo?"

"Hapana."

"Leo mama yako amekula?"

Fundi akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje ili wote wawili wasikie.

"Mama."

"Ndiyo, baba."

"Umekula?"

Upande wa pili maji yalisikika yakizunguka kwenye mashine ya kufulia.

"Nani amekufa?" aliuliza mama.

"Hakuna aliyekufa, mama. Nauliza tu. Umekula?"

Mama alisikika akizima mashine.

"Bado," alisema mama kwa sauti ndogo. "Bado sijala, mwanangu."

Fundi alifunika uso kwa mkono. Mtafiti alisimama, akachukua mkoba wake.

"Mwambie tunakuja," alisema.