Mama Mkwe wa Dawati la Mbele

Sikieni, mliomo na msiokuwemo! Asubuhi ile, katika shule moja ya pwani ya Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, Zama Mpya za Elimu zilizinduliwa rasmi. Zilidumu kama dakika tano.

Mzinduzi alikuwa Mwalimu Whitford, mgeni wa wiki moja, pua bado nyekundu kwa jua.

"Kuanzia leo tunasoma wawili wawili," alitangaza. "Keiron, keti na Leandra. Mtazamane, msome kwa zamu."

Keiron hakusogea. Leandra aliinama mpaka nywele zikamfunika uso.

"Siwezi, mwalimu," Keiron alisema, macho dirishani. "Yule ni mama mkwe wangu."

Mwalimu Whitford alicheka. Alikuwa na sababu. Ni Keiron huyuhuyu aliyemwapia kwamba hapa watu husalimiana kwa kusimama mguu mmoja. Mwalimu alikuwa amemsalimia polisi hivyo.

"Wewe una miaka kumi na mitatu, yeye kumi na miwili. Mama mkwe?"

"Ndiyo."

"Unanitania tena. Haya, mtaje jina, mwombe radhi, uketi. La sivyo, mechi ya mjini Darwin utaisikia redioni."

Jasho lilimtoka Keiron. Ndege ya timu ya shule ingeondoka Ijumaa, na yeye ndiye kipa. Lakini mama mkwe hatazamwi, hasemeshwi, wala hatajwi jina. Angeketi pale, angewaaibisha bibi yake na bibi wa Leandra pamoja.

"Mwambie tumbo linauma," Lionel alinong'ona nyuma yake.

"Niliumwa jana."

"Basi umekwisha, ndugu yangu."

Mwalimu alishika kifutio, akasimama mbele ya majina ya timu ubaoni. "Nangoja."

Keiron aligeukia ukuta. Akaufuata ukuta hadi mlangoni, mgongo kwa Leandra, akatoka. Nyuma yake alisikia kifutio kikisugua.

Mchana Leandra naye aliondoka, bila kuaga.

Alasiri Mwalimu Dorothea, mkuu msaidizi na mzaliwa wa hapo, alirudi kutoka msibani. Alimkuta Keiron ukumbini, akamsikiliza, kisha akaingia naye ofisini.

"Huyu ni mwongo wa kutupwa," alimwambia Whitford. "Ila leo kasema kweli."

"Yule mtoto ni mkwe wake?"

"Hapa ukoo ndio humpangia mtu wakwe tangu azaliwe, wala hauangalii umri. Mkwe wako anaweza kuwa wa kunyonya. Kumkwepa ndiyo heshima. Umemwadhibu kijana kwa kuwa na adabu."

Mwalimu Whitford aliuliza, "Mbona sikuambiwa?"

"Ulimuuliza nani?" Kisha akashusha sauti. "Nasi tuna kosa. Tulikupa darasa kabla ya kukuketisha na wazazi. Mtoto akiaibishwa hivi, harudi. Halafu sisi tunamwita mtoro."

Jioni ile mwalimu alikwenda nyumba zote mbili kuomba radhi. Kwa kina Leandra, bibi alimwacha asimame uani muda mrefu kabla ya kumwonyesha mkeka. Kwa kina Keiron, mama mtu alimtazama, akasema, "Mtu asiye na ukoo ni hatari. Kuanzia leo wewe ni kaka yangu. Keiron, msalimu mjomba wako."

"Kwa mguu mmoja?" Whitford aliuliza.

Kesho yake Leandra alirudi, akachagua mwenyewe pa kukaa. Ijumaa Keiron alipanda ndege. Na sasa shuleni pale hakuna mwalimu apangaye viti kabla ya kukaa na wazazi na kujua nani ni nani kwa nani.

Wiki iliyofuata mwalimu alimwambia Keiron asome na Lionel.

Keiron aliinamisha kichwa kwa huzuni kubwa. "Siwezi, mjomba. Naye ni mkwe."

"Lionel? Mama yake na mama yako ni ndugu, basi wote ni dada zangu. Huyo ni ndugu yako. Jaribu tena, mpwa wangu."

Keiron alitazama sakafu.

"Basi, mjomba. Ni miguu yake. Tangu Darwin hajafua zile soksi za mechi."