Maji Saba

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na tano Mei, sikukuu ya kuzaliwa Buddha. Kwa kalenda ya mwezi ilikuwa siku ya nane ya mwezi wa nne. Mzee Deoksu hataisahau. Siku ya nane kama hiyo, mwaka uliotangulia, mkewe Bunrye alifariki. Na Jumatano hiyo, yeye Deoksu kwa mikono yake mwenyewe aliiangusha picha ya marehemu baharini.

Bunrye alizaliwa pwani, kwenye kijiji ambacho siku hizi kimo ndani ya hifadhi ya taifa. Deoksu ni mtu wa Jecheon, mji wa milimani, fundi wa vigae, na mkoa wao haugusi bahari hata kwa ncha ya kidole. Alimwoa, akamleta milimani, wakakaa miaka arobaini na tatu. Hawakurudi pwani hata mara moja. Leo kazi, kesho mvua, keshokutwa mtoto anaumwa.

Kitandani, kabla hajakata kauli, Bunrye alimshika mkono.

"Baba Miran, nikiondoka, nifikishe kisiwani Galmae. Kwa miguu, kama tulivyokwenda utotoni. Ila uende kwa maji saba."

"Maji saba. Nimesikia," Deoksu aliapa.

Basi siku ya kumbukumbu ilipofika, aliitoa picha ya Bunrye ukutani, akatia chupa saba za maji kwenye begi la mgongoni. Binti yake Miran alifunga mgahawa wake wa tambi ili ampeleke. Alipolinyanyua lile begi, aliguna.

"Baba, tunakwenda baharini au jangwani?"

"Mama yako alisema saba. Zitakuwa saba."

Walifika saa sita mchana, baada ya saa nne za foleni ya magari. Kisiwa cha Galmae kilikuwa pale mbele, karibu kabisa, na misonobari yake juu. Lakini njia ya kukifikia haikuwapo. Kulikuwa na maji tu.

Deoksu alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya hifadhi.

"Mzee, leo njia haifunguki," alisema mfanyakazi, msichana mwenye kofia ya kijani.

"Nani kaifunga?"

"Hakuna aliyeifunga. Ni bahari."

"Bahari! Kumbe na bahari nayo imeajiriwa na serikali?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Msichana alitaka kueleza, lakini nyuma ya Deoksu watu walikuwa wanasukumana. Akampa karatasi. Deoksu aliacha shule darasa la tatu, na maandishi yale yalikuwa madogo. Aliikunja, akaitia mfukoni. Wakubwa ndivyo walivyo. Ukiwauliza njia, wanakupa karatasi.

Walikaa ufukweni kusubiri. Deoksu aliwasha jiko la gesi achemshe tambi. Mlinzi akaja: hapa hakuwashwi moto, mzee. Akazima. Wakala wali baridi na kimchi, kabichi ya kuchachushwa. Jioni maji yalishuka kidogo, mawe mawili matatu yakatoa vichwa, halafu maji yakagoma. Ilikuwa saa kumi na mbili.

Deoksu akakunja suruali, akavaa begi lake mgongoni. Akaibana picha ya mkewe kifuani, ile yenye fremu na utepe mweusi, akaingia majini.

"Baba, rudi!"

"Niliapa!"

Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Wimbi moja likamzoa mguu, na zile chupa saba zikamvuta chali. Picha ikamtoka. Miran aliingia na viatu vyake, akamdaka baba yake kwa mkanda, akamburuta mpaka mchangani. Kisha akarudi majini kumfuata mama. Bunrye alikuwa anaelea, uso juu, anatazama mawingu kama mtu aliyejilaza kupumzika baada ya kufua.

Walirudi nyumbani usiku huo huo. Walipofika mlangoni, Miran akasema:

"Baba, mimi na bahari basi. Nimeshazika mzazi mmoja. Usiniambie tena habari za Galmae."

Hapo ndipo Deoksu alipoumia. Bila Miran hakuwa na gari. Na bila Miran, ile ahadi angeipeleka wapi?

Siku ya tatu alikuja jirani, Bi Jeomsun, ambaye huuza uduvi wa chumvi sokoni. Alileta bakuli la kimchi. Akaiona picha ikikauka dirishani, na alama nyeupe ya chumvi shavuni mwa Bunrye. Kisha akaona chupa saba zimepangwa mstari chini ya meza.

"Baba Miran, umefungua duka?"

"Usinichokoze. Mwenzako Bunrye kabla ya kufa aliniambia niende kwa maji saba. Nimekwenda nayo. Wakubwa wamefunga njia."

Bi Jeomsun alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akauona uso wa Deoksu, akanyamaza, akajifuta macho.

"Baba Miran. Maji saba hayanywewi. Maji saba ni siku."

"Siku gani?"

"Mimi nimezaliwa kule kule, ng'ambo tu ya kijiji cha Bunrye. Sisi tunahesabu maji kama nyinyi mnavyohesabu siku za gulio. Siku ya nane ya mwezi ni maji mafu. Bahari imechoka. Haipandi sana, haishuki sana. Siku ya tisa ni maji ya kwanza. Ya kumi, maji mawili. Haya, endelea mwenyewe."

Deoksu akahesabu kwa vidole vyake vigumu vya ufundi.

"Kumi na moja, matatu. Kumi na mbili, manne. Kumi na tatu, matano. Kumi na nne, sita... Maji saba ni siku ya kumi na tano. Mwezi mpevu!"

"Umeona? Hilo ni bamvua. Maji yanajaa sana, halafu yanakupwa sana, mpaka bahari inaonyesha mifupa yake. Hapo ndipo njia ya Galmae inapotoka. Na mwezi ukiandama, linakuja bamvua jingine. Mara mbili kwa mwezi."

"Mimi nilikwenda siku ya nane."

"Ulikwenda kugonga nyumba ya watu waliolala."

"Lakini siku ya nane ndiyo siku yake! Ndiyo siku aliyofariki!"

"Basi siku yake hiyo bahari haitafunguka. Si mwaka huu, si mwakani, si hata wajukuu zako wakiota mvi. Tambiko mfanyie siku ya nane, hapa nyumbani, kama desturi. Galmae mpeleke siku aliyoitaja. Je, alikwambia uende siku ya kufa kwake?"

Deoksu akafikiri.

"Hakusema."

"Alisema nini?"

"Maji saba."

Deoksu akazitazama zile chupa chini ya meza. Kisha hasira ikamrudia.

"Na wale wa hifadhi? Wanalipwa kwa kazi gani? Kwa nini hawakuniambia?"

"Hawakukupa karatasi?"

Deoksu aliitoa kwenye koti. Ilikuwa imekauka kama mwani. Bi Jeomsun akavaa miwani, akaisogeza mbele ya pua.

"Yote yamo. Siku njia inapofunguka, saa inapofunguka, saa inapofungwa. Marufuku moto. Simu ya ofisi. Walikwambia, Baba Miran, ila kwa herufi za sisimizi."

"Basi wangewapa sisimizi!"

"Kweli. Wana kosa lao. Na wewe una lako. Hujui kusoma vizuri, sawa. Mdomo je, nao uliacha shule darasa la tatu? Mwenye kuuliza hapotei. Piga simu."

Jumatatu alipiga. Moyo ulimdunda kama kijana anayeposa.

"Hapa ni hifadhi, nikusaidie nini?"

"Mimi ni... nilikuja sikukuu ile. Nataka kuja vizuri."

"Ni yule mzee wa bahari iliyoajiriwa?" Yule msichana alicheka, lakini kicheko cha wema. "Mzee, tumekukumbuka ofisi nzima. Siku ile nilikuwa na watu wengi, sikukueleza. Uliza chochote."

Deoksu aliuliza yote. Msichana alitaja kila jambo polepole, naye alirudia kila neno kwa sauti. Maji saba ya keshokutwa yalikuwa karibu mno; yanayofuata ya mwezi mpevu, siku ya kumi na tano ya mwezi wa tano wa kalenda ya mwezi, ni Alhamisi, tarehe ishirini Juni. Njia itafunguka saa tatu asubuhi na kufungwa saa sita. Maji yatafika chini kabisa saa nne na nusu.

"Sikiliza, mzee, hapa ndipo watu wanapofia," alisema msichana. "Usingoje uyaone maji yanarudi. Saa nne na nusu, geuza. Hata kama bahari imekauka mpaka upeo wa macho."

"Kwa nini? Si nitayaona yakija?"

"Maji hayaji mbele yako tu. Yanapita kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako. Wewe unatazama mbele, mlango unafungwa mgongoni."

"Na mvinyo wa mchele? Nimmwagie marehemu kikombe kimoja tu?"

"Pombe haturuhusu, mzee. Kwa chai ya shayiri hatumrudishi mtu. Na chakula mnachoandaa, mrudi nacho. Chaza na kome waacheni walipo. Vaeni buti za mpira, mawe yanateleza. Asubuhi hiyo nipigie tena. Kukiwa na ukungu au upepo mkali, hamvuki, hata kama ni maji saba."

Deoksu aliliondoa jani la Mei kwenye kalenda ya ukutani, akaligeuza. Akachukua kalamu nene aliyokuwa akiwekea alama kwenye vigae. Ilimchukua mchana mzima. Aliandika kwa herufi kubwa kama viganja:

LALA HUKO JUMATANO. PIGA SIMU ASUBUHI. INGIA SAA 3. GEUZA SAA 4 NA NUSU. HAKUNA MOTO. BUTI. MWAMBIE JEOMSUN.

Akalibandika kwenye friji. Jioni Miran alikuja kuleta supu, akalisoma. Alisimama mbele ya friji muda mrefu, supu mkononi.

"Baba, nani kakuandikia?"

"Nimeandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Na simu nimepiga mimi. Usikubali leo. Nenda ukalale, ufikirie."

Miran hakwenda kulala. Alichukua ile kalamu, akaongeza mstari mmoja chini: BABA ATASHIKA MKONO WANGU. Kisha akampakulia supu.

Jumatano jioni walikuwa kwenye nyumba ya wageni karibu na hifadhi. Safari hii chupa zilikuwa mbili, za kunywa. Alhamisi asubuhi Deoksu alipiga simu. Hakuna ukungu. Saa tatu, maji yalijivuta upande huu na upande ule, na njia ikatoka, ya mawe na mchanga, moja kwa moja mpaka Galmae. Hakuna mtu aliyeifungua. Deoksu akavua kofia.

"Shika mkono," alisema Miran.

"Nimeushika."

Kisiwani walimweka Bunrye juu ya jiwe tambarare, alama ya chumvi shavuni. Miran alikuwa ametaka kuichapisha upya ile picha, baba akakataa. Ana chumvi ya kwao, alisema, muache nayo. Akamimina chai ya shayiri. Wakainama mara mbili.  Deoksu akamwekea wali uliofungwa kwa mwani, akauondoa, wakaula wao.

Kengele ya simu ya Miran ililia. Saa nne na nusu.

"Dakika moja," alisema Deoksu.

"Baba."

"Nakuja, nakuja. Mama yako mwenyewe angenifukuza."

Nusu ya njia walikutana na mume na mke wanakwenda kisiwani, wamevaa ndala, wanapiga picha.

"Rudini!" Deoksu aliwapigia kelele. "Maji yanageuka!"

"Mzee, mbona pakavu kabisa?" alisema yule mume.

"Tazama nyuma yako."

Mume akageuka. Kijito walichokiruka muda mfupi uliopita kilikuwa kimepanuka mara mbili. Mke alivua ndala, akakimbia wa kwanza.

"Asante, mzee," mume alisema walipofika ufukweni, anahema. "Wewe ni mtu wa serikali?"

"Toba! Mimi nimeajiriwa na bahari."

Saa sita kamili simu ililia. Alikuwa Bi Jeomsun.

"Baba Miran, uko hai?"

"Niko. Na miguu imekauka."

"Amefika?"

"Amefika."

Upande wa pili Bi Jeomsun akakata simu bila kuaga. Deoksu alijua anafuta macho.

Kabla ya kuondoka alipita ofisini. Alimwambia yule msichana kwamba karatasi yao ni ya sisimizi, waandike kwa herufi kubwa, na waibandike mahali mtu anapoegesha gari. Msichana aliandika. Kama wakubwa wake watasoma, hilo Deoksu hakuliwekea matumaini.

Wakakaa kwenye ukuta wa mawe kuitazama njia ikifunikwa. Miran aliegemea bega la baba yake, kitu ambacho hakukifanya tangu alipokuwa shuleni.

"Baba, nimekumbuka kitu. Nilipokuwa mdogo, kuna asubuhi mama alikuwa anafungua dirisha, anasema, 'Leo maji saba.'"

Deoksu hakugeuka.

"Nami nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unasema, 'Maji yamo jikoni.'"

Maji yalikutana katikati ya njia, yakalifunika jiwe la mwisho. Deoksu aliihamisha picha mapajani mwake, akaielekeza baharini.

"Miran," alisema. "Alisema mara ngapi?"