Safari Hii Fundi Hasogezi Tarehe

Mtaani kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mzuri wa mkono na mbaya wa tarehe. Ukimpelekea kitambaa atakwambia, njoo Jumamosi. Jumamosi ukifika, suruali yako bado ina mguu mmoja. Wateja walimwita Bwana Kesho, naye aliitika.

Mke wake alikuwa ameugua saratani ya matiti. Iligunduliwa mapema, akatibiwa, na matibabu yakaisha vizuri. Lakini tangu hapo alikuwa kimya, yeye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Kimya hicho kilimuuma sana fundi.

Siku moja hospitali ikatangaza kwamba anayeweza atembee au akimbie kilomita hamsini ndani ya mwezi mmoja, na marafiki zake wachangie utafiti wa saratani. Fundi akajiandikisha.

"Hii nitaimaliza kwa ajili yako," akamwahidi mkewe.

Wateja wakacheka. Wakasema watachanga, ila amalize kwa tarehe. Mke hakucheka. Alimwamini.

Fundi akaanza kama kawaida yake, kwa kuahirisha. Wiki ya kwanza ikapita. Akajipa moyo kwamba miguu inayokanyaga cherehani kutwa ni chuma. Asubuhi moja akatoka mbio, na viatu vya ngozi, ili afidie wiki nzima kwa mkupuo. Alirudi anachechemea, goti linamuuma. Kesho yake hata cherehani hakuweza kuikanyaga.

Jirani yao alikuwa mama anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alikuja kulitazama goti, akamkuta fundi amekata tamaa.

"Shemeji, umekimbia kama unavyoshona nguo za harusi, yote usiku wa mwisho," alisema. "Miguu yako imezoea kukanyaga umekaa. Haijazoea kukubeba."

Akamweleza apumzike mpaka maumivu yaishe. Kisha avae raba, aanze kwa kutembea kidogo, aongeze polepole, na asisahau maji wala siku ya kupumzika. Akiweza kuongea huku anatembea bila kuhema, huo ndio mwendo wake. Mwenda pole hajikwai.

Fundi akauliza mwendo wa kobe utamsaidia nani.

"Dawa iliyomtibu mkeo ilitafutwa miaka mingi, kwa michango ya watu wasiomjua," jirani akajibu. "Mchango hauulizi kama ulikimbia au ulitembea."

Hapo mke, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Kama ni kutembea, hata mimi naweza. Ukikimbia unaniacha nyumbani."

Daktari wake aliridhia, mradi aanze kidogo kidogo. Goti lilipopona, wakaanza kuzunguka mtaa pamoja kila asubuhi. Mwanzoni walitembea kimya. Kisha siku moja wakapishana na mteja aliyevaa suruali fupi mno, kazi ya fundi mwenyewe ya usiku wa mwisho. Mke akacheka, akakumbuka kisa, akaanza kusimulia. Tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Fundi alifurahi mpaka akasahau goti.

Siku ya mwisho ya mwezi wateja waliwasubiri kwenye lango la hospitali. Bwana Kesho akafika kwa tarehe, kilomita zote hamsini zimetimia. Wakapiga makofi, na kila mmoja akatoa mchango wake.

Mke alisimama, akamtazama mumewe.

"Tumefika, na kisa changu bado hakijaisha."

"Basi tuzunguke tena," fundi akasema.

Wakaondoka taratibu, wakiongea. Wateja wakabaki langoni wanamsubiri fundi, kama walivyozoea.